Deni Kati ya Kisasi na Msamaha: Uhakiki wa Filamu "En route pour le milliard"

Wahakiki wa filamu zinazohusu mauaji ya kisiasa wamezoea kuuliza swali moja: je, mhusika aliyedhulumiwa atalipiza kisasi, au atasamehe? Swali hilo huwafaa watunzi kwa sababu lina mvutano ndani yake, na humpa mtazamaji sababu ya kukaa kitini hadi mwisho. Lakini lina sharti ambalo halitajwi mara nyingi. Linadai kwamba aliyetenda na aliyetendewa wakutane, na kwamba aliyetendewa awe na uwezo wa kuchagua. Filamu ya Dieudo Hamadi, "En route pour le milliard" (2020), inahusu watu wasiokutana kamwe na waliowatenda, na ambao hawajapewa la kuchagua. Kwa hiyo inalikataa swali lenyewe na kuweka jingine mahali pake: nani analipa?

Tukio ambalo ni chimbuko la filamu hii lajulikana kwa jina la Vita vya Siku Sita. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda, yote mawili yakiwa katika nchi isiyo yao, yalipigana ndani ya mji wa Kisangani. Zaidi ya makombora 6,600 yaliangukia mitaa ya raia. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa tarehe 1 Oktoba 2010, ambayo ilikusanya maovu yaliyotendeka Kongo kati ya 1993 na 2003, inakadiria raia waliouawa kuwa kati ya 244 na 760, na majeruhi zaidi ya 1,000. Hamadi, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1984, alikwisha kuwagusa waathiriwa hao katika "Maman Colonelle" (2017), ambamo ofisa wa polisi aliyehamishwa kutoka Bukavu anawakuta wanawake wa Kisangani ambao kwa miaka mingi hakuna aliyewauliza habari zao. Katika filamu ya baadaye waathiriwa hawangoji tena kuulizwa. Kikundi chao, wengi wakiwa wamekatwa miguu au mikono, kinapanda chombo na kuteremka Mto Kongo hadi Kinshasa, safari ya kilomita 1,700 hivi, kudai fidia. Ni mwishoni mwa 2018, na nchi imo katika uchaguzi.

Msomi wa Kiswahili hawezi kuitazama safari hiyo bila kukumbuka jinsi lugha yenyewe ilivyokwisha kuyaunganisha mambo haya. Kitenzi "-lipa" huzaa "-lipiza", na hapo ndipo tunapopata "kulipiza kisasi". Anayelipiza, kwa mujibu wa mnyambuliko huo, ni mtu amfanyaye mwenzake alipe. Kisasi ni deni lililokusanywa kwa mkono wa mdai mwenyewe. Upande wa pili msamaha nao haukosi harufu ya deni. Aombaye husema "niwie radhi", na umbo hilo hilo "-wia" ndilo lililo katika msamiati wa kudai: mwia ni mdai, mwiwa ni mdaiwa. Hivyo kisasi na msamaha, ambavyo tamthilia nyingi huvichukulia kuwa ncha mbili zinazopingana, katika Kiswahili ni namna mbili za kumaliza hesabu ileile. Katikati yake imebaki njia ya tatu, iliyo ya kawaida kabisa sokoni na nyumbani: dawa ya deni ni kulipa. Jina la filamu la Kifaransa linaishika njia hiyo, kwani wahusika wako njiani kuifuata bilioni, yaani dola bilioni moja wanazoamini kuwa ni haki yao. Jina iliyopewa kwa Kiingereza limeuweka mto na mji mahali pa bilioni, na hivyo limeitoa nje hoja kuu. Ni hasara kubwa kuliko inavyoonekana.

Fani ya filamu inategemea mwili. Hakuna msimulizi, wala mtaalamu wa historia anayeketi mbele ya rafu ya vitabu kueleza. Hamadi, ambaye hushika kamera mwenyewe, huiweka karibu na magongo, na kamba za miguu ya bandia, na mikono inayompokea mwenzao anapopanda au kushuka. Sehemu yenye nguvu kuliko zote ni ile ya chomboni. Mvua kubwa inanyesha, maturubai yanapigwa na upepo, abiria wamebanana na mizigo yao, na watu ambao hata kusimama kwenye ardhi kavu huwagharimu wanajaribu kuzuia maji kwa mikono. Mtunzi mwingine angeikata sehemu hiyo baada ya dakika moja. Hamadi anaiacha iendelee hadi mtazamaji apate taabu. Anachokipata kwa kufanya hivyo si huruma. Ni kipimo. Mtu aliyefunga safari ya namna hiyo si mwombaji wa sadaka, na mtazamaji anayefika naye Kinshasa anajua hivyo, hata kama mlinzi wa lango la Bunge hajui.

Safari hiyo inakatizwa mara kwa mara na maonyesho ya jukwaani, ambamo waathiriwa wenyewe wanaigiza na kuimba masaibu yao. Wapo watakaoona kwamba maonyesho hayo yanavunja uhalisi. Hoja hiyo haina uzito. Mjini Kinshasa wahusika hawa wanasimama nje ya milango na kurudishwa. Jukwaani hakuna wa kuwarudisha, na mwili ambao barabarani hukwepwa kwa macho unatazamwa bila kukatishwa. Jukwaa ndilo mahakama ya pekee wanayoingia. Hata hivyo si sehemu zote za jukwaani zilizofungamana na tukio lililotangulia, na mbili tatu zingeweza kupunguzwa bila filamu kudhoofika.

Je, msamaha uko wapi katika kazi hii? Jibu ni kwamba hakuna aliyeuomba. Hapa ndipo filamu inapoachana na jamaa zake. Katika "Something Necessary" (2013) ya Judy Kibinge, iliyojengwa juu ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa 2007, muuguzi aliyefiwa na mumewe na kijana aliyekuwa miongoni mwa wavamizi wanaishi katika eneo moja. Kijana anatafuta njia ya kutubu, na umbali kati yao unaweza kupungua. Katika "La Miséricorde de la jungle" (2018) ya Joël Karekezi, iliyopata tuzo kuu ya tamasha la Ouagadougou mwaka 2019, askari wawili wa Rwanda wanapotea katika msitu wa Kivu mwaka 1998, na kisasi na rehema ni mambo wanayopigania ndani ya nafsi zao. Ni filamu iliyotungwa kwa ustadi, lakini Kivu ndani yake ni pori la kupitia. Wenyeji wapo kama wenyeji, wakipokea wageni na kuuguza wagonjwa. Hata picha zenyewe zilichukuliwa Uganda. Kwa Hamadi askari hawaonekani hata mara moja. Walikwisha kuondoka, na waathiriwa wamebaki na serikali yao wenyewe, ambayo ndiyo iliyobeba daftari la madai.

Filamu hii ikitazamwa na mtu wa Kanyabayonga, ubora wake unabaki lakini mipaka yake inaonekana. Mji huo, ulio juu ya mteremko unaotazama uwanda wa Rwindi, ndio mlango wa barabara itokayo Goma kwenda Lubero, Butembo na Beni, na kila jeshi lililotaka kwenda kaskazini limeupitia. Desemba 2004 wanajeshi wa serikali walipigana hapo na wenzao walioasi, waliotoka katika jeshi la zamani la RCD-Goma, na wakazi wakakimbia. Novemba 2008 walioupora mji na kubaka wanawake walikuwa askari wa serikali yenyewe, wakirudi nyuma mbele ya waasi wa CNDP. Tarehe 28 Juni 2024 mji ulitekwa na M23, na maelfu ya watu wakaifuata barabara ya Butembo kwa miguu. Kisangani ina siku zake sita zinazohesabika, ina majeshi mawili yenye majina, na ina jina la vita ambalo kila mtu analijua. Kanyabayonga haina siku sita. Ina miaka ishirini ya wanaoingia na wanaotoka, na baadhi yao waliwahi kurudi wakiwa wamevaa sare nyingine. Mkazi wake akiambiwa asamehe, atauliza amsamehe nani. Akiambiwa adai, atauliza apande chombo gani, na kwenda mlango upi.

Dosari hiyo ya hesabu imo hata ndani ya Kisangani, ingawa filamu inaipita haraka. Makombora yalirushwa na pande mbili, lakini bilioni inayodaiwa ni ya upande mmoja. Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague iliamua tarehe 19 Desemba 2005 kwamba Uganda ilivunja sheria ya kimataifa na ina wajibu wa kulipa. Kuhusu Rwanda, tarehe 3 Februari 2006 Mahakama hiyohiyo ilisema haina mamlaka ya kuisikiliza kesi. Mtu aliyepoteza mguu hawezi kujua kombora lake lilitoka wapi, na pengine hajali. Sheria lakini inajali sana. Hamadi amechagua kutoeleza mambo ya mahakamani, na uchaguzi huo umeipa filamu wepesi wake. Umemnyima pia mtazamaji jambo moja chungu, kwamba nusu ya deni hili haina mdaiwa.

Filamu inakwisha bila bilioni. Yaliyofuata yanaweza kusomwa kama sura ambayo mtunzi hakuipiga picha. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325, kwa mafungu matano ya milioni 65 kila mwaka. Kati ya hizo milioni 225 ni kwa madhara yaliyowapata watu. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11, na katika madai yake ya mali iliyoharibiwa Beni na Butembo zilitajwa pamoja na Kisangani. Fungu la kwanza lilitolewa Septemba 2022, likapokewa na serikali na kukabidhiwa mfuko maalumu wa waathiriwa. Septemba 2025 waziri wa zamani wa Sheria alihukumiwa miaka mitatu ya kazi ngumu kwa kosa la ufujaji lililohusu takriban dola milioni 19 kutoka katika fedha hizo, kwa kisingizio cha kujenga gereza Kisangani. Mlango uliofungwa katika filamu, kumbe, haukuwa wa mdaiwa.

Miezi miwili na siku chache kabla ya hukumu hiyo ya 2022, yaani tarehe 30 Novemba 2021, jeshi la Uganda lilikuwa limevuka mpaka kuingia Beni na Ituri, safari hii kwa mwaliko wa Kinshasa, kupigana na ADF ambao mauaji yao yameitesa Beni tangu Oktoba 2014. Baadaye likasogea hadi wilaya ya Lubero, ambamo Kanyabayonga imo. Kuna watu wazima katika Butembo na Beni wanaokumbuka jeshi hilohilo likiwa mjini mwao kati ya 1998 na 2003. Mdaiwa amerudi akiwa mlinzi. Mkazi aliyepoteza ng'ombe au ndugu wakati ule anampisha barabarani, tena pengine kwa shukrani, kwa maana usiku akiwapo mauaji hupungua. Kupisha huko si kisasi, na mtu yeyote anayekuita msamaha hajawahi kuhitaji ulinzi. Hamadi, ambaye kamera yake ina subira ya kutosha, angelijua la kufanya na sura ya mtu huyo wakati gari la kijeshi linapopita na vumbi linapotua.