Kihisi cha Mlangoni

Ukigongwa kwa mbele, kati yako na aliyekugonga kuna boneti na injini. Ukigongwa ubavuni, kuna mlango tu. Gari la kilomita 50 kwa saa husogea karibu sentimita 14 katika milisekunde 10, na kati ya mlango na mbavu za abiria mara nyingi hazifiki sentimita 30. Huku kwetu bonde la Ruzizi tunaendesha kulia, lakini magari mengi kutoka Japani yana usukani kulia vilevile, kwa hiyo anayekaa upande wa magari yanayokuja ni abiria. Huyo ndiye anayelindwa na kihisi chenye milisekunde chache tu za kuamua mfuko wa hewa ufumuke au usifumuke.

Volvo walipoleta mifuko ya ubavuni mwaka 1994, kihisi chao hakikuhitaji umeme: kilikaa ubavuni mwa kiti kikisubiri mlango uliobonyea ukifikie. Siku hizi magari mengi yana kihisi kwenye nguzo ya katikati. Ndani yake kipande cha silikoni kimening'inizwa kwa springi nyembamba kuliko unywele. Gari likisukumwa ghafla, kipande hicho hubaki nyuma kidogo, na umeme hupima kimebaki kiasi gani.

Mengine yana pia kihisi ndani ya mlango, na hicho ndicho kinachonivutia zaidi. Hakigusi chochote ila hewa. Bati likibonyea, hewa iliyo mlangoni inabanwa papo hapo, kabla nguzo haijatikisika vya kutosha.

Sasa fikiria milango ya teksi inavyobamizwa kutwa, na mashimo ya njia ya Uvira hadi Bukavu. Mfuko haufumuki ovyo, kwa kuwa kompyuta ya gari haimwamini shahidi mmoja. Halafu kuna mlima. Uvira iko mita kama 770 juu ya bahari. Ukishapita upande wa Lubarika na Kamanyola unapanda hadi Bukavu, karibu mita 1,500, na hewa imekuwa nyepesi. Kihisi hakibabaiki. Hakijali mgandamizo wenyewe, kinapima umebadilika kiasi gani kulinganisha na ule wa muda mfupi uliopita. Mlima huubadilisha kwa dakika nyingi, ajali kwa milisekunde. Aliyebuni hesabu hiyo alimfikiria shofa wa Lubarika bila kumjua, nami namheshimu kwa hilo.

Kazi yake inaendelezwa na fundi wa garaji. Akifungua mlango kutengeneza kioo, atakuta nailoni iliyobandikwa juu ya matundu. Wengi huichana na kuitupa. Nailoni hiyo huizuia isitoroke hewa ileile ambayo kihisi kinaisikiliza, basi irudishwe na ibandikwe pande zote. Betri ichomolewe na mtu asubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa waya za manjano za mfuko wa hewa. Naye mshonaji wa vitambaa vya viti, akiona ubavuni mwa kiti pameandikwa SRS AIRBAG, apaache wazi ili mfuko upate pa kutokea.