Uasi Unahitaji Waasi: Maoni Juu ya Vitabu Viwili

Kada anayesoma vitabu vinavyomsifu tu ni sawa na mkulima anayepalilia shamba alilokwisha kulivuna: jasho linamtoka, lakini hapati kitu. Katika makala haya tunatoa maoni yetu juu ya vitabu viwili, riwaya moja na wasifu mmoja, tulivyovijadili na wanafunzi wetu. Vyote viwili vinahusu uhusiano kati ya yule anayeamua na yule anayebeba mzigo.

Riwaya ni Peponi ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na kwa Kiswahili mwaka 2022, mfasiri akiwa Ida Hadjivayanis. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri Aziz kuwa rehani ya deni la baba yake. Mtoto huyo amezoea kumwita tajiri kwa jina la undugu, na kila anapofika nyumbani kwao humtilia sarafu mkononi. Ni Khalil, kijana mwingine aliyewekwa rehani dukani, anayemfumbua macho: huyu si ndugu yako, huyu ni bwana wako.

Hapo pana somo kubwa kwa makada. Tumezoea kumfundisha mnyonyaji kama adui anayetambulika kutoka mbali, kwa bunduki yake au kwa kiwanda chake. Gurnah anatuonyesha mnyonyaji mwenye adabu, anayenukia udi na anayeitwa ndugu. Jambo hili halikwisha pamoja na misafara. Hata leo mtoto wa kike huletwa mjini kutoka kijijini kwa jina la undugu, akapika, akafua na kulea bila ujira, na anayemtumikisha akajiona mfadhili.

Hata hivyo riwaya ina upungufu. Msafara wa Aziz hauwezi kwenda bara bila wapagazi, lakini wapagazi hao tunawaona kwa macho ya wenye mali na watumishi wao. Mzee Hamdani, mtunza bustani, anakataa kupewa uhuru kwa kuwa hakuna mwenye haki ya kumpa mtu uhuru wake. Hiyo ni fikra nzito, lakini uhuru wa mtu mmoja ndani ya bustani hauvunji mfumo. Mwishoni Yusuf anawakimbilia askari wa Mjerumani. Baadhi ya wanafunzi wetu walimwita msaliti. Sisi hatukubaliani nao. Pale ambapo wanyonge hawana chombo chao wenyewe, anayemkimbia bwana mmoja huangukia mikononi mwa bwana mwingine.

Suala hilo la chombo cha wanyonge ndilo kiini cha kitabu cha pili, wasifu wa Mwalimu Nyerere wa juzuu tatu, Development as Rebellion, uliotolewa mwaka 2020 na Saida Yahya-Othman, Ng'wanza Kamata na Issa Shivji. Juzuu ya tatu, ya Shivji, ina jina lenye maana ya Uasi Bila Waasi. Jina hilo peke yake ni hoja: Mwalimu aliasi dhidi ya ubeberu, lakini uasi huo ulikabidhiwa dola na watendaji wake, badala ya wakulima na wafanyakazi waliojipanga wenyewe.

Wapo makada wanaokasirishwa na hoja hii. Tunawaomba kwanza waitazame historia. Wakulima wa Litowa na vijiji vingine vya Ruvuma walianza kuishi kijamaa kwa hiari yao kabla ya Azimio la Arusha la 1967. Walilima pamoja, wakaendesha shule yao, wakaamua mambo yao wenyewe. Mwaka 1969 umoja wao ulivunjwa, na waliouvunja hawakuwa mabeberu bali viongozi wa TANU. Miaka michache baadaye, katika operesheni vijiji, mamilioni ya watu walihamishwa, na wengi walihamishwa kwa nguvu.

Msomaji atasema kwamba palikuwa na ukame wa 1973 na 1974, kupanda kwa bei ya mafuta, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Ni kweli, na uchambuzi wowote wa haki lazima uyapime hayo. Lakini ukame haukuvunja umoja wa Ruvuma.

Jambo la mwisho ni lugha. Peponi ilimngoja msomaji wa Kiswahili kwa miaka 28. Wasifu wa Mwalimu nao uliandikwa kwa Kiingereza, ingawa waliobeba matofali ya vijiji hivyo walizungumza Kiswahili. Basi yatupasa wakufunzi tuufikishe kwenye matawi: tuugawe sura kwa sura, tuueleze kwa Kiswahili, na tuwaachie wazee waliohamishwa waseme wapi kitabu kimepatia na wapi kimekosea.

Mwaka 1962 Mwalimu aliandika kijitabu Tujisahihishe. Chama kilichorithi kijitabu hicho hakina sababu ya kuogopa wasifu huu. Kila kada anayeufungua na ajiulize: katika tawi langu nani anaamua, nani anabeba, na anayebeba aliulizwa lini?