Geti la Kasubi linavyoungwa

Katika karakana za kando ya Barabara ya Hoima, eneo la Kasubi jijini Kampala, geti huanza kama mabomba ya mraba yaliyolazwa chini. Fundi huyashika kwanza kwa nukta chache pembeni, hukagua kama pembe ziko sawa, ndipo hushona. Ana sababu. Chuma kikipata moto hutanuka na kikipoa hunywea, hivyo fremu iliyoshonwa moja kwa moja upande mmoja hupinda.

Mashine yake hupokea umeme wa volti 240, huushusha hadi chini ya volti 80 na kupandisha mkondo. Rodi ya kulehemu ya milimita 2.5 hutaka ampea 60 hadi 90 hivi. Joto la tao la umeme kati ya rodi na chuma hupita nyuzi 5,000, ilhali chuma cha geti huyeyuka karibu na nyuzi 1,500.

Kwa hiyo moto upo wa kutosha. Adui ni hewa. Chuma kilichoyeyuka hunyonya oksijeni na naitrojeni, kikabaki na vitundu na kuwa chepesi kukatika. Ndiyo maana rodi huvikwa ganda. Likiungua, hutoa gesi inayofukuza hewa na kuacha gamba linalofunika mshono unapopoa. Lakini ganda hunyonya unyevu, hivyo kuacha pakiti ya rodi wazi msimu wa mvua ni kuharibu kazi kabla haijaanza.

Moto wa oksijeni na asetilini, wa nyuzi 3,100 hivi, hufaa bati jembamba na ekzosti. Huo huo hutumika kulehemu kwa shaba ya njano, ambayo huyeyuka karibu na nyuzi 900 na kupenya kwenye mwanya bila chuma chenyewe kuyeyuka. Fundi redio hufanya vivyo hivyo kwa lehemu ya bati na risasi, kwa nyuzi 183 tu.

Bomba lililopakwa zinki ni hatari ya peke yake. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, na moshi wake mweupe huleta homa jioni. Ipigwe msasa kwanza, na kazi ifanyiwe penye upepo.

Barabara inayopita karakana hizi huelekea Hoima, linakoanzia bomba la mafuta la kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga. Maungio ya mabomba ya aina hiyo hukaguliwa kwa mionzi au mawimbi ya sauti. Geti halina mkaguzi ila mnunuzi, naye mara nyingi hufika puti na rangi zikiwa zimekwisha kuficha nukta ambazo hazikushonwa. Afike mapema, gamba likigongwa, aone mshono ukizunguka bawaba nzima.