Shamba na Ishamba: Uhakiki wa Lugha ya Hifadhi, Gitega na Muyinga

Ibara ya 35 ya Katiba ya Burundi ya mwaka 2018 inaitaka Serikali isimamie maliasili ipasavyo na kuzihifadhi kwa ajili ya vizazi vijavyo. Tamko ni zuri. Tatizo huanza linaposhuka kutoka Kifaransa cha ofisi za Gitega hadi kwa mkulima wa Muyinga anayepakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu, iliyoanzishwa mwaka 1980.

Katika Kirundi, ishamba ni pori au msitu; katika Kiswahili, shamba ni ardhi iliyokwisha kufyekwa ikalimwa. Muyinga, ambako lugha hizi mbili hukutana kila siku kwa sababu ya biashara ya mpaka wa Kobero, wito wa “kulinda shamba” unaweza kumwelekeza msikilizaji mmoja msituni na mwenziwe kwenye maharage yake. Na ugomvi wenyewe wa hifadhi uko hapo hapo, baina ya jembe na mti.

Jina la mpango wa kupanda miti, Ewe Burundi Urambaye, limefaulu zaidi: taswira yake ni ya kuvaa, na mlima ulio uchi hauhitaji mfasiri. “Vizazi vijavyo” ni tafsiri sahihi isiyo na sura. Mkulima yule anao wajukuu, nao hawatajwi. Wafasiri wa sera wangeandika “msitu” au “pori”, “shamba” wakaliachia mazao, kisha rasimu isomwe kwa sauti Muyinga kabla ya kupigwa chapa Gitega.