Mahali pa Kusimama

Mwezi Aprili mwaka 1884, mkulima wa matunda aitwaye A. A. Adams aliitega kamera yake ya sanduku katika mji wa Garnett, jimbo la Kansas, akaielekeza kwenye mkonga wa upepo ulioning'inia kutoka mawinguni. Tonado ile ilikuwa mbali na mji, na ilikwenda polepole ikielekea kufa. Ingekuwa karibu au yenye kasi, Adams asingepata nafasi ya kupanga vyombo vyake, kwani kamera za wakati ule hazikumvumilia mtu mwenye haraka. Picha aliyoipata imo miongoni mwa picha za kwanza kabisa za tonado zinazojulikana duniani.

Kamera zimebadilika mno tangu hapo, lakini wapiga picha wa dhoruba ninaowahusudu mimi bado wanafanya alichofanya Adams. Wanakaa mbali, mahali walipopachagua kwa makini, na wanangoja.

Uwanja wao mkubwa ni nyanda za kati za Marekani, kutoka Texas hadi majimbo mawili ya Dakota. Majira ya kuchipua yakifika, hasa mwezi Mei, hewa ya joto yenye unyevu hupanda kutoka Ghuba ya Mexico, ikakutana na hewa kavu itokayo jangwa la kusini-magharibi, huku upepo wa juu ukivuma kwa kasi na kwa mwelekeo tofauti na ule wa chini. Tofauti hiyo ya pepo ndiyo inayolifanya wingu lianze kuzunguka. Mkondo wa hewa inayopanda ndani yake ukizunguka bila kukoma, wataalamu huliita supaseli. Wingu la namna hiyo huweza kuishi saa kadhaa likisafiri peke yake juu ya mashamba ya ngano.

Hapa ndipo ufundi unapoanza, na kamera bado imo mkobani. Supaseli nyingi za nyanda hizo husafiri kuelekea mashariki au kaskazini-mashariki. Hewa ya joto inayozilisha huingia kutokea kusini-mashariki, na mvua kubwa na mawe huanguka zaidi upande wa kaskazini. Anayeyajua hayo husimama kusini-mashariki mwa dhoruba, uso akiuelekeza magharibi. Mvua inakuwa kuliani kwake, mnara wa wingu uko mbele yake, na barabara ya kukimbilia kusini iko wazi. Kutoka hapo tu ndipo wingu huonekana zima: kitako cheusi kilicho bapa, mistari inayojisokota ubavuni, na juu kabisa ule utandu mpana uliosambaa maili nyingi kupita mvua yenyewe. Mita chache kando, mlima mdogo au ghala la nafaka vingeziba nusu ya hadithi.

Halafu kuna kazi ya mwanga. Jua la alasiri likiwa nyuma ya dhoruba, chini ya kitako hubaki ufa mwembamba wa anga linalong'aa vikali, na kila kilicho juu yake ni giza. Fundi hupima mwanga kwa kuufuata ufa huo, hata picha ikionekana nyeusi kupita kiasi, kwa sababu sehemu ya anga ikishaungua kwenye picha hairudishiki, ilhali gizani humo mna maelezo mengi yanayoweza kuinuliwa baadaye kwa subira.

Usiku kanuni zinageuka. Kamera huwekwa kwenye stendi, lenzi hulengwa mbali kwa mkono, shata ikaachwa wazi kwa sekunde 15, 20 au 30, na umeme ukajichora wenyewe. Jambo linalonifurahisha zaidi katika ufundi huu wote ni hili: ukali wa mchirizi wa umeme kwenye picha hauongezeki kwa kuacha shata wazi muda mrefu, maana umeme wenyewe umekwisha zamani. Huamuliwa na ukubwa wa tundu la lenzi. Muda wa shata huamua mwonekano wa shamba, barabara na taa za mji wa mbali. Kwa hiyo mpiga picha ana vipimo viwili mkononi, kimoja cha mbingu na kimoja cha ardhi, na huvilinganisha gizani.

Na dhoruba ikishapita, wengi huondoka. Walio bora hubaki nyuma yake, magharibi, kwa kuwa jua linalozama huimulika ubavuni, na chini ya utandu wake hujitokeza vifuko vya mawingu vyenye rangi ya dhahabu.

Subira hii ina wazee wake. David Hoadley alianza kuzifuata dhoruba huko North Dakota mwaka 1956, zama ambazo hakukuwa na rada ya kubeba garini, na mwaka 1977 akaanzisha jarida la Storm Track ili wenzake wapate kupashana habari. Mitch Dobrowner, ambaye mfululizo wake wa dhoruba ulishinda tuzo kuu ya Sony World Photography Awards mwaka 2012, hupiga kwa rangi nyeusi na nyeupe. Naona uamuzi wake ni sahihi kabisa. Picha nyingi za dhoruba siku hizi huongezewa kijani na zambarau mpaka wingu linapoteza uzito wake. Zake zinaliacha wingu lisimame kama lilivyo, kubwa, na ardhi chini yake ikiwa ukanda mwembamba tu.

Ukaribu una gharama yake. Tarehe 31 Mei 2013, karibu na El Reno, Oklahoma, tonado yenye upana wa kilomita 4.2 ilibadili mwelekeo na kasi ikiwa imefunikwa na mvua. Mtafiti wa tonado Tim Samaras, mwanawe Paul aliyekuwa mpiga picha, na mwenzao Carl Young walifariki. Hawakuwa watafuta sifa. Mwaka 2003 huko Manchester, South Dakota, Samaras aliweka chombo mbele ya tonado kikapima mgandamizo wa hewa ukishuka kwa takriban millibar 100, kipimo kilichowafaa sana wanasayansi. Kama watu wa ujuzi ule waliweza kufikiwa, hakuna picha inayostahili kufuatwa hadi ndani ya mvua.

Nawaandikia haya hasa wapiga picha wa Mwanza, Bukoba, Kisumu na Bukavu. Ziwa Victoria huzaa dhoruba usiku, pepo za nchi kavu zinapokutana juu ya maji yenye joto, na Kabare, mashariki mwa Kongo, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi kuliko zote duniani. Tuna picha chache mno za mawingu haya yakiwa mazima. Tafuteni kilima chenye upeo wa wazi na mkae ndani ya gari lenye paa la chuma, au barazani mwa nyumba imara, kamera ikitazama nje. Hesabuni sekunde kati ya umeme na ngurumo: kila sekunde tatu ni kilomita moja. Sekunde zikipungua hata kufika 30, fungeni stendi na mwingie ndani.