Juu ya Istilahi "Dawa Lishe"

Kuanzia Butiama hadi Musoma mjini, vidonge vya vitamini huuzwa kwa jina la "dawa lishe". Istilahi hii haifai. Asikiaye "dawa" huamini kwamba uwezo wa kutibu umekwisha kuthibitishwa, naye haulizi tena. "Virutubisho", neno wapendalo wafasiri, nalo lachanganya kilichomo katika dagaa na kilichomo chupani.

Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula umo mikononi mwa Shirika la Viwango, na dawa zi chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Jina likipotoka, mwananchi hajui aulize wapi. Twapendekeza "nyongeza ya lishe", ijapokuwa ni ndefu. Vidonge vya madini ya chuma wapewavyo wajawazito kliniki navyo ni nyongeza, ila huko yupo muuguzi wa kuulizwa.