Nyota za Samburu, hesabu za Kwala

Huko Samburu, kaskazini mwa Kenya, Susan Murabana na mumewe Chu Owen, waasisi wa Travelling Telescope, hupeleka wageni nyikani usiku kutazama nyota kwa darubini kubwa. Msomaji wa Mkoa wa Pwani, Tanzania, akisikia hivyo husema huo ni utajiri wa wenye majangwa. Mimi sikubali, angalau si kabla ya kupiga hesabu za Kwala, mkoani humo.

Jangwa lina giza, na kila mtu hulitaja. Linalosahaulika ni ukavu wake. Hewa ikiwa na unyevu, chembe zilizomo huvimba na kutawanya mwanga, nyota zikafifia hata pasipo taa jirani. Kwala, iliyo karibu na Mto Ruvu, imepungukiwa na yote mawili. Dar es Salaam iko kilomita 90 hivi mashariki, na bandari kavu ya Kwala, iliyozinduliwa rasmi Julai 31, 2025, ina yadi ya makontena ambayo haiwezi kufanya kazi gizani.

Ila Kwala inalishinda jangwa kwa mwinuko wa nyota angani. Kitovu cha Njia ya Maziwa, kilicho karibu na mkia wa Nge, kipo nyuzi 29 kusini mwa ikweta ya anga. Mpiga picha aliye kwenye mchanga wa Sharqiya, Oman, hukiona kikifika nyuzi 39 tu juu ya upeo. Samburu kinafika 60. Kwala, iliyo karibu nyuzi 7 kusini, kinafika 68. Maana yake mwanga wa kitovu hicho ukifika Oman umepenya hewa nene karibu mara moja na nusu ya ile unayopenya kufika Kwala. Tena kiko upande wa kusini, kuelekea Kisarawe na Rufiji, mbali na mng'ao wa Dar.

Saa nazo zinatufaa. Mwishoni mwa Juni kitovu hufika kileleni kama saa sita kasoro robo usiku, muda ambao mgeni mwenye watoto ameshalala. Katikati ya Agosti ni saa mbili na nusu hivi, na umande bado haujaanza kutua kwenye lenzi. Kwa hiyo ningechagua Agosti, katika siku za mwezi mwandamo, na kutandika mikeka kusini mwa bandari ili taa zibaki mgongoni.

Upigaji wenyewe ndio unaohitaji akili. Wapiga picha wa Oman huweka kamera kwenye mtambo unaozunguka pamoja na anga, wakiulenga kwa Nyota ya Kaskazini. Kwala nyota hiyo iko chini ya upeo. Ncha ya kusini iko nyuzi 7 tu juu, ndani ya utusitusi, na nyota iliyo jirani nayo ni hafifu mno. Anayejaribu kuulenga mtambo huo hapa atamaliza usiku akigombana na skrubu. Heri stendi ya miguu mitatu na picha fupi nyingi: lenzi ya milimita 20, tundu f/2.8, sekunde 10 hadi 12 kila moja. Kanuni ya zamani ya 500, ya kugawa 500 kwa milimita za lenzi, ingeruhusu sekunde 25, lakini vihisi vya leo huona nyota zikianza kuburuzika mapema zaidi. Kumi na sita zikipangwa juu ya nyingine kwa kompyuta, chengachenga hupungua hadi robo. Kuacha kamera wazi muda mrefu kungeburuza nyota na kuijaza picha mng'ao wa taa.

Kwa wageni, kazi ya mwongozaji ni kulinda macho yao. Yanahitaji nusu saa hivi kuzoea giza, na simu moja inayowashwa huirudisha kazi nyuma kwa kila aliye karibu. Tochi nyekundu, basi.

Zinabaki taa. Hifadhi ya NamibRand, Namibia, ilipotambuliwa kimataifa kwa giza lake mwaka 2012, haikuwa imezima kila kitu; ilikuwa imepanga taa zake ziangaze chini. Yadi ya Kwala nayo inaweza kuvishwa taa zenye kofia bapa na mwanga wa manjano, bila dereva wa winchi kupungukiwa chochote. Wakati mwafaka wa kuliandika sharti hilo ni sasa, kabla viwanda vinavyobaki kujengwa kwenye kongani ya viwanda ya Kwala havijasimika nguzo zao.